Edinburgh kwa pesa ya bumu

Mdogo wangu alikuja kunipokea na vitu viwili: koti na karipio. Koti lilikuwa la sufu, la kijivu, zito kama gunia lililonyeshewa, na kifungo chake kimoja hakikufanana na wenzake. Alilinunua pauni 8. Karipio lilikuwa la mkono wangu, ambao tayari ulikuwa umeshika kitasa cha mlango wa teksi.

"Dada, unakwenda wapi na hilo gari? Kwangu ni dakika 25 kwa miguu."

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa Oktoba, nje ya kituo cha mabasi karibu na St Andrew Square. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kutoka London. Treni ni ya raha zaidi, lakini basi la usiku ni nafuu, na tena linakupunguzia kulipia kitanda cha usiku mmoja. Aliyewahi kukaa kwenye basi la Dar kwenda Mwanza haoni ajabu. Edinburgh, ambayo wenyewe wanaitamka "Edinbra" huku wakimeza nusu ya herufi zake, ilikuwa inaamka taratibu, na upepo wake ulikuwa umeshaamka kitambo.

Huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo, anasoma shahada ya uzamili hapa kwa ufadhili. Ufadhili wenyewe unamlipia ada na kumwachia pesa ya chumba na chakula, kama hataki makuu. Alipokuwa chuoni Mlimani, Dar, aliishi kwa bumu, ile fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo inayoingia kwa mbwembwe na kuisha kimyakimya. Kupiga pasi ndefu, yaani kuruka mlo, anakujua, na bei ya sahani ya wali maharage katika kila kona ya Sinza aliijua kichwani. Nilidhani amekuja huku kupumzika na maisha hayo. Kumbe ameyakuta yamemtangulia, tena yana miaka 400.

Chuo Kikuu cha Edinburgh kilipata hati ya kifalme mwaka 1582 na kuanza kufundisha 1583. Vyuo vitatu vilivyokitangulia Scotland, yaani St Andrews, Glasgow na Aberdeen, vilianza kwa baraka za Papa. Hiki kilianzishwa na halmashauri ya mji, na kwa muda mrefu watu wake walikiita Tounis College, chuo cha mji. Watoto wa wakulima, wahunzi na wachungaji wa makanisa ya vijijini walishuka mjini wakiwa na kichwa kizuri na mfuko mtupu. Chakula walikibeba wenyewe: gunia la unga wa oti, nafaka ya nchi za baridi inayoota pale ngano inapokata tamaa. Katikati ya muhula katika vyuo vya Scotland palikuwa na mapumziko ya siku moja yaliyoitwa Meal Monday, Jumatatu ya Unga. Kama jina linavyosema, siku hiyo mwanafunzi alirudi kwao kujaza gunia.

Nani kati yetu aliyesoma bweni asiyeielewa Jumatatu hiyo? Tranka, ndoo yenye kufuli, dagaa waliokaangwa mpaka wakawa kama misumari, na sukari iliyofungwa kwenye mifuko mitatu ili mwenzako achoke kufungua. Mdogo wangu aliponipikia uji wa oti asubuhi ile, akautia chumvi badala ya sukari kama wafanyavyo wazee wa huku, nilikula huku nikifikiria kwamba hiki kilikuwa chakula cha mtu anayehesabu siku. Si kitamu. Lakini hadi saa nane mchana sikusikia njaa.

Wakati nakula alinipa kanuni yake. "Mji huu, dada, umegawanyika mara mbili. Upande mmoja umejengwa kwa ajili ya watalii, na huo unakamua. Wa pili umejengwa kwa ajili ya wanafunzi na watu wa hapa, huo ni bure au karibu na bure. Ukiona mlango unadai hela, kabla hujatoa pochi tazama barabara ya pili."

Kwa siku nne nilijaribu kuivunja kanuni hiyo. Nilishindwa, isipokuwa mara moja.

Tuanze na barabara ya pili yenyewe. Royal Mile ndiyo njia kuu ya mji wa kale, inashuka kutoka ngome iliyo juu ya mwamba hadi kasri la Holyrood. Imejaa maduka ya skafu za miraba na biskuti za siagi zilizofungwa kwenye makopo. Lakini kila baada ya hatua chache, kati ya nyumba na nyumba, kuna mdomo wa kichochoro: Advocate's Close, Fleshmarket Close, World's End Close. Unaingia, ngazi za mawe zinateremka, kuta zinakubana mabega, kisha ghafla mji wote uko chini yako. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu miguu yake itajua la kufanya. Tofauti ni kwamba huku walijenga kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, kwa sababu mwamba haukuwa na nafasi ya kutanuka. Mji wa kale na ule mpya uliojengwa ng'ambo ya bonde iliingizwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995, miaka mitano kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Hakuna lango, hakuna tiketi.

Katikati ya Royal Mile amekaa David Hume, mwanafalsafa, mwili wa shaba umefunikwa shuka na kidole gumba cha mguu kinang'aa kama dhahabu. Wanafunzi hukisugua kabla ya mtihani. Hume alitumia maisha yake kubomoa imani za namna hiyo, kwa hiyo mzaha umemrudia mwenyewe. Chuo kilimnyima uprofesa mwaka 1745, baadaye kikaupa mnara mrefu jina lake, kisha mwaka 2020 kikalifuta kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu watu weusi. Mdogo wangu alisugua kidole, ana mtihani Desemba. Mimi nilimtazama tu Hume usoni. Bahati ya mtu aliyetuona sisi ni viumbe pungufu naweza kuishi bila yake.

Kutoka hapo ni dakika chache hadi Old College, jengo ambalo Robert Adam alilichora na jiwe lake la msingi likawekwa mwaka 1789. Ua wake uko wazi, unaingia kama unaingia sokoni, hakuna mlinzi anayeuliza kitambulisho. Pembeni kuna ukumbi wa sanaa wa Talbot Rice, nao hautozi. Endelea kusini ufike George Square. Minara ya zege inayoikabili bustani ilipandishwa miaka ya 1960, baada ya nyumba za kale kubomolewa na watu wengi kununa. Julius Nyerere aliiona kabla ya minara hiyo. Alikuja mwaka 1949 akitokea kufundisha Tabora, akaondoka 1952 na M.A. Wengi huku kwetu huisoma hiyo kama shahada ya uzamili, lakini vyuo vikongwe vya Scotland humpa M.A. anayemaliza shahada ya kwanza ya sanaa. Haimpunguzii kitu. Mwenyewe alipata kueleza kwamba fikra zake za siasa zilikomaa hapa, kwa kuwa alikuwa na muda wa kusoma na kufikiri. Tuliketi kwenye benchi la bustani tukala mkate tuliotoka nao nyumbani. Muda wa kufikiri bado unatolewa bure, isipokuwa kwamba baridi inaupunguza.

Sasa niseme juu ya mahali ambapo ningeweza kumaliza siku zote nne. Makumbusho ya Taifa ya Scotland yako Chambers Street, na kuingia ni bure. Ukumbi mkuu ni mrefu, mweupe, una nguzo nyembamba za chuma na paa la kioo, kama tundu kubwa la ndege. Ndani yumo kondoo Dolly, mnyama wa kwanza wa jamii ya mamalia kuzalishwa kwa kunakili seli ya mnyama mzima, aliyezaliwa mwaka 1996 nje kidogo ya mji huu. Alikufa 2003, sasa amejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo, akitazama watoto wa shule kwa uso wa mtu aliyechoka kupigwa picha. Wamo pia 11 kati ya wale askari na wafalme wa sataranji wa Lewis, waliochongwa kwa pembe za wanyama wa baharini. Malkia wao wameshika mashavu, nyuso zimewashuka, kama wamama kwenye foleni ya hospitali.

Lakini kilichonikalisha ni kitu ambacho hakimo kwenye kabati lolote. Nyuma ya makumbusho hayo kuna Lothian Street. Mwaka 1825 Charles Darwin alipanga chumba katika mtaa huo. Alikuwa na miaka 16, ameletwa na baba yake kusomea udaktari, na udaktari ulimchosha. Mtaa huohuo aliishi John Edmonstone, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Guyana, akajifunza kule ufundi wa kuchuna ndege na kuwajaza ili wadumu, akapata uhuru na kuja Scotland kuishi kwa kazi hiyo. Darwin akaenda kwake kujifunza. Saa moja kila siku kwa miezi miwili, malipo gini moja. Miaka michache baadaye Darwin alikuwa ndani ya meli ya Beagle, na ndege aliowarudisha Uingereza walihifadhiwa kwa ufundi aliofundishwa kwenye mtaa huu. Chuo alikiacha mwaka 1827 bila shahada. Kama unatafuta kozi iliyolipa kuliko ada yake katika historia ya mji huu, naona ni hiyo.

Panda lifti hadi juu kabisa ya makumbusho. Kuna roshani ya wazi ambayo wageni wengi hawaifikii. Ngome iko usawa wa macho yako, upande wa pili ni kilima cha Arthur's Seat, na nyuma ya mji kuna mkono wa bahari. Mandhari kama hiyo kwingine hulipiwa.

Mengine nitayapitia harakaharaka kwa kuwa hayahitaji maelezo yangu. Jumba la picha la taifa, bure, lina mchungaji wa kanisa anayeteleza juu ya barafu kwa mguu mmoja bila kukunja suti. Bustani ya mimea, iliyoanzishwa 1670, nayo ni bure kutembea. Jumba dogo la waandishi limo ndani ya kichochoro cha Royal Mile, bure, na msomaji wa rika la wazazi wangu atapenda kujua kwamba Robert Louis Stevenson wa Kisiwa chenye Hazina alikuwa mtoto wa mji huu na mwanafunzi wa chuo hiki. Adam Smith, baba wa uchumi, amezikwa kwenye uwanja wa kanisa la Canongate, na huyo angeshangaa kuona hutozwi. Juu ya Harry Potter sina la kusema. Mashabiki wake watapata njia wenyewe.

Ngome nimeikataa. Kiingilio chake wakati ule kilikaribia pauni 20, na kwa hesabu ya mdogo wangu hiyo ilikuwa chakula cha siku nne. Anasema ngome ni nzuri kwa nje kuliko ndani, jambo ambalo siwezi kulithibitisha, maana sikuingia. Ila kuna kitu kimoja cha ngome kinachogawiwa mji mzima. Kila siku saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili, Krismasi na Ijumaa Kuu, mzinga hupigwa. Ulianza mwaka 1861 kwa ajili ya meli za bandari ya Leith, ili manahodha warekebishe saa zao hata siku za ukungu. Tulisimama Princes Street. Mlio ulipasuka, nikaruka, na mama wa Kijerumani aliyekuwa karibu nami akaangusha aiskrimu. Wenyeji waliangalia saa zao wakaendelea na safari.

Waskoti wanasifiwa kwa ubahili, nao wenyewe wanaupenda utani huo. Wanasema mzinga unapigwa saa hiyo kwa sababu kwa saa ya Kizungu ni moja, hivyo baruti ya mara moja inatosha. Wangepiga adhuhuri ingewabidi mizinga kumi na miwili. Nikamwambia mdogo wangu kwamba kwa saa zetu wangefilisika, mizinga saba kila siku. Akafikiri kidogo. "Basi wangehamishia saa moja asubuhi," akasema, "na mji mzima ungewalaani."

Chakula ndicho kinachowamaliza wageni. Hapa fuata wanafunzi kama vifaranga wafuatavyo mtetea. Msikiti mkuu uko jirani kabisa na chuo, na jiko lililoanzia pale limekuwa mkombozi wa wanafunzi wa dini zote: wali, mchuzi wa kuku au dengu, sahani inayojaa. Jioni, masupamaketi hubandika stika za njano kwenye vyakula vinavyokaribia mwisho wa muda, bei zinashuka hadi nusu na zaidi. Kuna saa zake, na kuna wazee wanaozijua saa hizo kuliko wewe. Usishindane nao, simama nyuma. Chipsi za samaki hapa hazimwagiwi chumvi na siki kama Glasgow, bali chumvi na "sosi", kitu cha kahawia chenye uchachu ambacho watu wa Edinburgh wako tayari kukigombania. Tulikula tukiwa tumesimama chini ya baraza la duka, mvua inanyesha upande upande, karatasi inavuja mafuta. Sijasema chipsi mayai zimepata mpinzani. Nasema tu sikubakiza. Maji ni ya bomba, ni matamu, na chupa ya kununua ni pesa ya kutupa.

Basi la mji lina nauli moja, zaidi kidogo ya pauni 2, uende vituo viwili au ishirini. Ukilipa taslimu dereva harudishi chenji, kwa hiyo gusa kadi. Kwa nauli hiyo tulikwenda ufukwe wa Portobello, ambako watu walikuwa wanaogelea baharini mwezi wa Oktoba kwa hiari yao. Anayefika kwa ndege na kupanda tramu ajue kwamba kituo cha uwanja wa ndege kina nauli yake, zaidi ya mara tatu ya ile ya mjini. Kituo kinachofuata, Ingliston Park & Ride, kiko ndani ya nauli ya kawaida, na wanafunzi wenye mabegi mepesi hutembea hadi pale. Na usije Agosti. Tangu 1947 mwezi huo una tamasha kubwa la sanaa, mitaa inajaa wasanii, maonyesho mengine ni ya kutoa ulichonacho kwenye ndoo, lakini kitanda kinauzwa kama chumba cha harusi.

Turudi kwenye koti. Mitaa ya wanafunzi kusini mwa chuo ina maduka ya hisani yaliyopangana, yanayouza nguo na vitabu vilivyotolewa sadaka. Niliingia la kwanza nikacheka peke yangu. Ni soko la mitumba la Karume lile lile, ila hapa mtumba bado uko kwao, haujapanda meli. Hakuna anayepiga kelele za "chagua, mia tano". Muuzaji ni bibi mstaafu anayejitolea, na ukijaribu kuomba upunguziwe anadhani hukusikia bei. Nilitoka na sweta ya pauni 4. Kosa langu, ile mara moja niliyoivunja kanuni, ni skafu ya miraba niliyonunua dukani Royal Mile kwa bei ambayo sijamwambia mdogo wangu mpaka leo. Kosa si lao, mwenye haraka ni mimi.

Siku ya tatu tulipanda Arthur's Seat. Mita 251 tu. Mtu wa nchi ya Kilimanjaro hucheka, nami nilicheka hadi katikati, ambapo upepo ulinikalisha chini kwenye nyasi zilizolowa. Ni mabaki ya volkano ya miaka milioni 340 hivi iliyopita. Kwenye majabali ya pembeni mwake, James Hutton, aliyepita chuo hiki, aliona jinsi mwamba uliokuwa umeyeyuka ulivyojipenyeza kati ya tabaka za zamani zaidi, na hoja yake ikawa kwamba dunia ni kongwe kupita hesabu za watu wa zama zake. Juu kabisa kulikuwa na vijana wanne wa Kichina, mbwa mmoja, na mzee aliyevaa kaptura. Mzee akatuambia leo kuna utulivu.

Siku ya kuondoka nilipita Princes Street kumuaga mtu wa nyumbani, kwa namna yake. David Livingstone amesimama kwa shaba bustanini, kazi ya mchongaji Amelia Hill, karibu na mnara mweusi wa Walter Scott. Mimi mzaliwa wa Bagamoyo. Mwili wa huyu bwana ulipitia kwetu Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, na shuleni tulipelekwa kila mwaka kuuona mnara wa kanisa ulikolazwa. Nilichokuwa sijakijua, mdogo wangu akanieleza pale, ni kwamba Livingstone alianza kazi kiwandani akiwa na miaka 10, kinu cha pamba, akaweka akiba ya mshahara wake kulipia masomo ya chuo Glasgow. "Naye alikuwa mtu wa bumu," akasema. Chuma na Susi hapa sanamu hawana.

Nimerudi Dar na pauni 10 zilizobaki, ushindi wangu, noti ya benki moja ya Scotland. Benki tatu za huko zina haki ya kutoa noti zao, na nilikuwa nimeonywa nizibadilishe kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza kabla ya kuondoka. Nikasahau. Kijana wa duka la kubadilisha fedha aliigeuza upande wenye picha ya Mary Somerville, mwanasayansi, akaigeuza upande wenye fisi maji wawili, akaiweka kwenye taa, akamwita mwenzake.

"Hii ya wapi, mama?"

"Ya Edinburgh."

"Hatuna hiyo nchi."

Sasa fisi maji wangu wanashika ukurasa kwenye kitabu nilichonunua duka la hisani. Kitabu chenyewe kilikuwa peni 50.